Maswali ya Nyumba ya Nyuma

Nyumba ya nyuma,
chumba chenye dirisha la uani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Salamu zenyewe zinakuja, maana najua barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia bila hodi, lakini nisipolitoa hili kwanza mkono hautaandika kingine. Mimi ndiye niliyemziba macho Baba mkubwa. Mwanzoni huku wote walidhani ni hitilafu ya mtandao. Fundi aliitwa, akakuna kichwa, akaondoka. Hakuna aliyeniuliza kama ni mimi, kwa hiyo sikumdanganya mtu, lakini pia sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa yote.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na Baba mdogo hajambo? Mgongo wako vipi, bado unakukamata ukisimama sana kazini? Na yule jirani yako wa ghorofa ya juu, bado anaburuza viti kila asubuhi kana kwamba anahama? Sisi huku ni wazima. Nimeandika "wazima" kwa sababu ndivyo watu wanavyoandika. Soma hadi mwisho ndipo utajua uzima wenyewe ukoje.

Kile kisanduku ulichonitumia nilipomaliza shule kilifika bila mkwaruzo. Uliniambia ni ruta ndogo ya kujifunzia, kifaa cha kugawa mtandao, kwa kuwa nasema nataka kusomea mambo ya mitandao. Nilikushukuru kwenye simu kwa maneno machache kama kawaida yangu, ukacheka ukasema nimekuwa bahili hata wa maneno. Nisamehe. Leo nitayalipa yote.

Mama mdogo, nina hasira. Sijazoea kuwa nayo na sijui watu huiweka wapi. Nalala nayo, naamka nayo, nafua nguo mpaka zinachanika kwenye mishono. Mama ananiuliza nimekosana na nani. Nasema sijakosana na mtu.

Unakumbuka kiwanja chetu kilivyo: nyumba ya mbele ni ya Baba mkubwa, kisha ukuta mfupi, kisha sisi. Mtandao unaingia kwake, na waya unapita juu ya ukuta mpaka kwetu. Alipotuunganishia baada ya Baba kufariki, nilimshukuru kwa moyo wote. Nikaona kweli damu ni nzito kuliko maji. Sikujua kwamba fundi aliyefunga alimwachia kwenye kompyuta yake ukurasa unaomwonyesha kila jina la tovuti linaloulizwa na nyumba ya mbele, na kila linaloulizwa na nyumba ya nyuma.

Nikueleze kwa lugha nyepesi, maana na mimi ilinichukua muda kuelewa. Simu haijui njia. Ukiiambia ikufungulie tovuti fulani, kwanza inauliza: mwenye jina hili anakaa namba ngapi? Kuuliza huko ndiko wanakoita DNS. Na swali hilo hutoka wazi, kama postikadi. Kila anayelipokea ili alipeleke mbele anaweza kulisoma. Haoni ulichoongea ndani ukifika, lakini anaona mlango ulioubisha. Na milango mingine, Mama mdogo, jina lake peke yake linatosha kumvua mtu nguo.

Baba mkubwa alikuwa mkaguzi maisha yake yote ya kazi. Yeye alistaafu, ukaguzi haukustaafu. Kila Jumapili tunakula pamoja nyumba ya mbele, na akishashiba anaegemea kiti na kutusomea tulivyoishi wiki nzima. Alianza na mwanawe mkubwa, yule tunayemwita Kipara.

"Kuna mtu humu anatafuta mbolea ya kichwa," alisema. "Shamba lenyewe lilishakuwa jangwa, lakini mkulima hakati tamaa."

Tulicheka wote, na Kipara mwenyewe alicheka. Wiki iliyofuata ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimefungua tovuti ya kuwasaidia watu wanaoogopa kuongea mbele za wengine, na jina lake lilijitangaza lenyewe.

"Bibi Kimya anatafuta ulimi," akasema. "Haya simama hapo utuhutubie, tuone kama umeshaota."

Nilitazama sahani yangu mpaka nikayajua maua yake yote. Lakini hilo nililimeza. Mimi ni mtoto, na nilijiambia anatania. Lililofuata halikumezeka.

Lazima nikwambie kwanza jambo ambalo Mama hajakwambia. Masikio yake yanaondoka. Hakuniambia hata mimi, nililiona polepole. Birika linapiga mluzi yeye amesimama hapo hapo. Simu anaipeleka sikio la kushoto tu, hata kama mkono wa kushoto umebeba kitu. Ukimwita ukiwa nyuma yake hageuki, na akigeuka mwenyewe akakukuta, anatabasamu haraka kama mtu aliyefumaniwa. Na kazi yake unaijua. Anapokea simu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, siku nzima watu wanamtajia namba za vifurushi vyao. Namba moja akiikosea, friji la mtu linashushwa mji mwingine. Nadhani ndiyo maana siku hizi akirudi nyumbani anakaa kwanza kitandani na viatu vyake, kimya, kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

Jumapili ile Mama alikuwa kwenye sinki la nyumba ya mbele, ametupa mgongo, anafuta glasi. Baba mkubwa akaegemea kiti.

"Nyumba ya nyuma wiki hii wanabisha milango ya masikio tu," akasema. "Vipimo vya masikio, mashine za masikio, kliniki ya masikio. Nani huko ameziba?"

Akatuangalia mmoja mmoja, kisha akatukonyeza, akageuza uso kwa Mama na kusema kwa sauti ya chini, tamu kabisa:

"Shemeji. Shemeji yangu, kuna nyoka mguuni pako."

Mama akaendelea kufuta glasi. Akaiinua kwenye mwanga, akaona alama, akaifuta tena.

Wakacheka. Wajukuu zake walipiga meza. Nadhani Mama aliusikia mtikisiko wa meza, maana aligeuka, akatuona tumejaa vicheko, na yeye akacheka. Alicheka pamoja nao, Mama mdogo. Akauliza, "Mnamcheka nani tena?"

"Tunamcheka Kipara," akasema Baba mkubwa.

Mama akamtazama Kipara kwa huruma. "Mwacheni mtoto wa watu," akasema, na akarudi kwenye glasi zake.

Ulimi ulikuwa umeganda kama ulivyozoea. Nilikusanya vyombo. Kuna faida moja ya kuwa mtu wa kimya: watu husahau kwamba masikio yako yanafanya kazi. Nikiwa nimeshika sahani nyuma ya kiti chake, Baba mkubwa alimwambia Kipara:

"Mimi ndiye niliyemwombea shemeji kazi kwa yule meneja wake. Nikishapata uhakika, nitamwambia mimi. Rafiki yangu hawezi kupokelewa simu na mtu anayebahatisha."

"Uhakika wa nini, Baba? Muulize mwenyewe," Kipara akasema.

"Niulize ya nini? Nitaona. Akiweka miadi ya daktari, nitaona. Akiagiza mashine, nitaona."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata anwani. Si kwamba Mama ataficha milele, hapana. Ni kwamba ni masikio yake. Kama ni kumwambia meneja, amwambie yeye, siku aliyojiandaa, akiwa na karatasi ya daktari mkononi na mashine yake sikioni na maneno yake tayari mdomoni. Asivuliwe kabla hajamaliza kuvaa. Na mwenye kumvua ni shemeji yake, aliyetupa mtandao kwa mkono wa kulia na kutuchungulia kwa jicho la kushoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakukaribisha mezani.

Jumamosi iliyofuata, wote walipokwenda kumwona mgonjwa hospitali, nilitoa kisanduku chako kwenye boksi. Nilichomoa waya wa kutoka ukutani kwenye ruta yetu ya zamani nikauchomeka kwenye hiki, ili kila kinachotoka nyumba ya nyuma kipite kwangu kwanza. Nilikipa jina lile lile la mtandao wetu na nenosiri lile lile, simu ya Mama isishtuke wala isiulize. Kisha nikakielekeza kwamba maswali yote ya majina kisiyatume wazi tena. Kiyatie kwenye bahasha, yaani kiyafunge kwa siri, na kuyapeleka kwa mjibuji mwingine aliye mbali, anayepokea bahasha tu. Baba mkubwa akisimama njiani ataona bahasha zinapita. Jina lililomo ndani hataliona.

Sikwambii kwamba sasa hakuna anayejua. Yule mjibuji anajua, lazima ajue ndipo ajibu. Lakini hakai nasi mezani Jumapili.

Kulikuwa na swali moja kisanduku kiliniuliza: bahasha ikishindikana, nitume wazi? Nilikataa. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huchagua kufuli kubwa kuliko mlango. Utaona lilivyonigharimu.

Jioni Baba mkubwa aliniita kwenye kompyuta yake. "Bibi Kimya, wewe ndiye msomi wa mashine. Hebu njoo uone, nyumba yenu haionekani."

Niliinama nikatazama. Upande wa mbele majina yalitiririka kama kawaida, yake mwenyewe yakiwemo, na mengine afadhali nisikwambie. Upande wetu palikuwa peupe.

"Naona, Baba mkubwa," nikasema. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

Fundi wake akaja. Alikagua upande wa mbele tu, akakuta kila kitu ni kizima, akasema labda ni hitilafu na itajirekebisha. Ikapita wiki moja ya amani. Kisha umeme ukakatika.

Uliporudi, mtandao wetu haukurudi nao. Taa za kisanduku zinawaka, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Nilikaa sakafuni nikakisoma mpaka nikaelewa kosa langu, na nilitamani kujipiga kofi. Hiki kisanduku hakina betri ya saa. Umeme ukizimika kinasahau leo ni lini, kikiwaka kinadhani bado ni mwaka kilipotengenezwa. Na zile bahasha haziendi mpaka kikague cheti cha mjibuji, na cheti kina tarehe. Kisanduku kikaona cheti cha miaka ijayo, kikadhani ni cha kughushi, kikakataa. Ili kijue saa kinapaswa kumuuliza mtunza saa, kompyuta nyingine ya mbali inayotangaza saa sahihi. Mtunza saa nilikuwa nimempa kwa jina. Kulitafuta jina kunahitaji bahasha. Bahasha inahitaji saa. Ni sawa na kufunga nyumba ukiwa umeacha ufunguo ndani, na mimi mwenyewe ndiye niliyekataa mlango wa nyuma.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kumpa mtunza saa kwa namba, si kwa jina, ili asihitaji kutafutwa. Lakini kabla sijaandika hiyo namba, Baba mkubwa alikuwa ameshaingia. Wajukuu walikuwa wamempelekea habari kwamba kwetu mtandao umekufa. Alikuja na Kipara, na hakupiga hodi.

"Hiki kidude kimetoka wapi?"

"Nimeletewa cha kujifunzia," nikasema.

"Ndiyo maana." Akaufuata waya kwa macho, nikaona anavyounganisha mambo. "Jifunzie kwenye daftari. Waya huu unarudi kwenye ruta ya zamani, na nyumba ya nyuma itaonekana kama zamani."

"Itaonekana na nani?"

Mama mdogo, sijui nani aliyesema hivyo. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini ilitoka kwangu.

"Na nani? Na mimi. Mtandao ni wangu. Mlinzi haombi ruhusa kutazama lango."

"Lango tazama, Baba mkubwa. Lakini unatazama chumbani."

"Baba," Kipara akasema, "hata mimi sioni ubaya. Kama wanataka kufunga, wafunge."

"Nyamaza wewe, hizo nywele mbili zisije nazo zikaondoka."

Akaushika waya. Mimi nilikuwa bado sakafuni, simu mkononi, namba ya mtunza saa nimeiandika nusu. Ndipo Mama alipotokea mlangoni, amerudi kazini, mkoba begani. Hakujua lolote kuhusu maswali wala bahasha. Alichokiona ni mkono wa shemeji yake kwenye zawadi ya mdogo wake.

"Shemeji," akasema, "hicho usikiguse. Ametuma mdogo wangu."

Baba mkubwa akamtazama. Kisha akashusha sauti, ile ile ya nyoka, akasema taratibu: "Na nikikigusa, utasikia?"

Kipara aliinamisha kichwa. Mama alikuwa akimtazama mdomoni.

"Nitaona," akasema. "Sasa hivi naona mkono wako. Uweke chini."

Sijui kama alisikia au alisoma midomo. Sijui amekuwa akisoma midomo tangu lini, wala siku ile ya glasi alijua nini alipogeuka na kucheka. Silali nikiwaza hilo. Baba mkubwa aliuachia waya. Alisema kitu kuhusu watu kutokuwa na shukrani, akakisema akiwa ameshageuka, kwa hiyo tulikipata watu wawili tu. Kipara alibaki nyuma, akaniambia, "Maliza ulichokuwa unafanya," na yeye akaondoka. Nikamaliza namba. Kisanduku kikajua leo ni lini, na simu ya Mama ikalia mkobani kwa ujumbe uliokuwa umekwama.

Alhamisi Mama aliomba ruhusa kazini. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akasema anakwenda kupimwa. Hakusema kupimwa nini. Mlangoni aligeuka: "Nikirudi huenda nikawa na la kukuambia, huenda nisiwe nalo." Alirudi jioni, akavua viatu, akapika. Hakuniambia.

Na hapa ndipo penye mwiba. Kisanduku hiki kikipenda kinaweza kuandika kila jina linalopita, kama ukurasa wa Baba mkubwa. Usiku ule Mama alikuwa na simu yake muda mrefu, uso umeinama, na mimi nilibakiza mahali pamoja tu pa kubonyeza ili nijue alikuwa akibisha mlango gani. Ningesema ni kwa mapenzi, ningesema ni kwa usalama. Hapo nilimwelewa Baba mkubwa, na kumwelewa kulinikasirisha kuliko yote aliyoyafanya, maana niliona ni rahisi kiasi gani. Niliizima sehemu hiyo bila kuifungua. Leo sijui Mama anatafuta nini. Ninachojua ni kwamba nyumba ya mbele nao hawajui.

Leo mezani Baba mkubwa hakuwa na la kutusomea kuhusu nyumba ya nyuma. Alilaumu chumvi.

Utaniambia, mbona wewe mwenyewe unanitangazia masikio ya mama yako? Nimeliwaza sana, ndiyo maana barua imechelewa. Lakini Baba mkubwa ana namba yako, na siku akiudhika zaidi atakupigia akusimulie kile kisa cha nyoka kama kichekesho. Nilitaka ulisikie kwanza kwa mtu ambaye hakucheka.

Nisalimie sana Baba mdogo, na wale pacha, mwambie yule mwenye pengo kwamba jino lake nalikumbuka. Msalimie Bibi wa duka mnakonunua mkate, yule aliyeniuliza kwenye simu kama nimeshaolewa. Kipara anakusalimu, naye ukipata nafasi mwambie neno zuri, anastahili. Mungu akulinde na baridi, akuondolee maumivu ya mgongo, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Sasa nakuomba, na naomba nikiwa nimepiga magoti. Hili likae kwako. Usimwambie Baba mdogo, usimwambie mtu. Ukimpigia Mama usimuulize habari za masikio, wala usipaze sauti ghafla, atajua nimesema. Piga ya video. Kaa mahali taa ikupige usoni, usizibe mdomo kwa kikombe kama unavyopenda, na sema polepole kidogo tu, mwambie umeukumbuka uso wake. Mwache akuambie mwenyewe, siku atakayoichagua yeye. Na siku hiyo, Mama mdogo, shtuka kama mtu ambaye hakuwahi kusikia.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
kifungua mimba wa dada yako.